Kula Mombasa bila ngano: uliza mafuta kwanza

Mgeni asiyekula ngano akishuka Mombasa cha kwanza ni simu, atafute resti zenye menyu ya bila gluteni, ile protini ya ngano, na simu inampeleka moja kwa moja mahoteli ya Nyali huko kwa bei za watalii. Mimi naona ni kuhangaika bure. Mji huu chakula kisicho na ngano kimejaa toka zamani, wali wa nazi, samaki wa kupaka, mbaazi, pweza, muhogo, we taja tu. Shida yetu ni karai, mafuta hayohayo yanakaanga kila kitu.

Naongea hivi sababu wifi yangu ana ugonjwa wa seliaki na akitoka Nairobi kuja kwetu mimi ndiye nazunguka naye. Kwa asiyejua, hii si dayati ya kupunguza mwili. Mwenye ugonjwa huu akila gluteni, iwe ya ngano, shayiri au rai, mwili wenyewe unaushambulia utumbo mdogo, na si lazima amalize sahani, makombo tu yatosha kumlaza. Kiwango cha kimataifa cha chakula kinachouzwa kama hakina gluteni ni kisizidi miligramu 20 kwa kilo, sasa fikiria mafuta yaliyokaangia mahamri toka alfajiri.

Chukua bhajia. Unga wa dengu, nzuri kabisa, na za kunde ndio usiseme, lakini wengine dengu wanaichanganya na ngano na karai ni hiyohiyo imepita sambusa na kaimati. Viazi karai usiguse, ule unga wa nje mara nyingi ni ngano. Kuna siku Kibokoni, kule Mji wa Kale, wifi alimuuliza mama mmoja kama bhajia zake zina ngano, mama akaapa hazina hata chembe. Mimi nikamuuliza, "Mamangu, na mafuta haya leo yamekaanga nini?" Akacheka, "Mahamri, mwanangu, kwani asubuhi watu wanywe chai na nini?" Na hakudanganya, aliulizwa unga akajibu unga.

Pembeni lakini alikuwa na mkate wa sinia, umeiva na makaa juu na chini, kingo zimekuwa kahawia na iliki unaisikia kabla hujafika. Mchele wa kuloweka, tui, hamira, sukari, ute wa yai. Tukamuuliza tena maana siku hizi kuna wanaotia ngano kidogo ati ushikane, akasema yeye hapana. Wifi alikula mpaka nikamuonea wivu. Vitumbua na vibibi vya mchele mtupu ni hivohivo, uliza tu kama ni mtupu kweli.

Jioni tunaenda Mama Ngina pale ufukweni, muhogo wa kuchoma na pilipili na ndimu, dafu mkononi, hapo hata maswali hayako mengi.

Kwa resti za mjini, biriani ni salama mara nyingi, ila mwambie weita mapema chapati asilete kabisa, la sivyo utaikuta imelazwa juu ya wali halafu anaiondoa kwa mkono anakwambia tayari. Mishkaki angalia kama naan zinapashwa kwenye jiko hilohilo. Kamba wa vitunguu thomu uliza kama wametia soya sosi, nyingi zina ngano. Na kuna hoteli moja, siitaji, menyu ina alama nzuri kabisa ya bila gluteni kwenye samaki na chipsi, kumbe chipsi zinatoka mafuta yaleyale ya samaki wa chenga za mkate. Weita akatwambia moto umeshaua kila kitu. Kakangu, gluteni si mdudu, haifi kwa moto! Tukalipia soda tukaondoka.

Kama waweza kula chakula kikubwa mchana, kula mchana, saa hizo ni masufuria ya wali na mchuzi, karai zinawaka asubuhi na jioni. Na ukija Ramadhani usihangaike na resti, tafuta mwenyeji akualike futari. Muhogo wa nazi, viazi vitamu, ndizi mbichi, vyote vimechemka ndani ya tui. Tambi waachie wenyewe, hizo ni ngano.