Mume yuko disabiliti (malipo ya ulemavu), mke anafanya kazi: mnafaili kodi pamoja au kila mtu kivyake?

Naandika hii nikiwa kwenye gari nje ya kituo anachosafishiwa damu baba watoto, hapa Marekani. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa saa kumi na moja alfajiri lazima awe kwenye kiti, siku nyingine natoka shifti ya usiku kulea wazee napitiliza nyumbani kumchukua hata yunifomu sijavua. Mkono wake wa kushoto una fistula, mshipa uliounganishwa kwa ajili ya mashine, ukiweka kiganja unasikia inavuma kama nyuki ndani ya mzinga, mtoto wetu mdogo akimwona baba amelala kwenye kochi anaweka sikio pale anasikiliza mpaka anasinzia. Mwanaume alikuwa anaendesha fokolifti ghalani miaka na miaka, figo zikagoma 2022, ndo tukaingia kwenye haya maisha ya makaratasi.

Sasa nimeona niandike maana kila ikifika Januari kwenye magrupu yetu ya WhatsApp swali ni lile lile. Dada mmoja anauliza, mume wangu yuko disabiliti, mimi nafanya kazi, nikifaili naye pamoja si watamkata hela yake? Na chini yake yanashuka majibu arobaini, thelathini na tano yanasema "faili kivyako mpenzi, usijichome". Mimi nilifuata ushauri huo huo. Aliyetujazia ritani, ile fomu ya kodi, ya 2024 alinitazama machoni akasema serikali ikiuona mshahara wa mama kwenye fomu moja na baba, hela ya baba itapungua. Niliogopa, nikasaini. Hofu hiyo ilitugharimu karibu dola 2,900 na nitawaonyesha zilivyopotea, senti kwa senti.

Ila kwanza jueni mumeo au mkeo anapokea hela gani, maana watu wanasema "disabiliti" kama vile ni kitu kimoja. Kuna SSDI na kuna SSI. SSDI mtu ameichangia mwenyewe, kila cheki aliyolipwa ilikatwa asilimia 6.2 ya Social Security, hifadhi ya jamii, na mwajiri akaweka 6.2 nyingine, kwa hiyo akiumwa asiweze kazi anarudishiwa kutokana na alichochangia. SSI ni msaada kwa mlemavu au mzee asiye na kitu, haijali ulifanya kazi au hukufanya, inajali una nini sasa hivi. Hata tarehe zinatofautiana, SSI huingia tarehe 1, SSDI kwa wengi huingia Jumatano ya pili, ya tatu au ya nne kulingana na siku aliyozaliwa. Na Januari mwenye SSDI anatumiwa karatasi inaitwa SSA-1099, mwenye SSI peke yake hapati karatasi hiyo kwa sababu SSI haikatwi kodi kabisa.

Baba watoto ni SSDI. Na hapa ndo nilipotaka kulia nilipoelewa: SSDI haiangalii mshahara wa mke. Hata mke awe anaingiza dola laki mbili kwa mwaka, cheki ya mume iko pale pale. Hakuna fomu ya kodi ya kuipunguza. Kinachobadilika ni kitu kingine, kwamba IRS, watu wa kodi, wanaweza kutoza kodi sehemu ya hiyo hela, na hapo ndo namna mnavyofaili inaingia.

Hesabu yenyewe inaenda hivi. Unachukua nusu ya SSDI ya mwaka mzima unajumlisha na mapato mengine yote. Mkifaili pamoja, jumla ikiwa chini ya dola 32,000 SSDI haiguswi. Kati ya 32,000 na 44,000 inaguswa mpaka nusu yake, juu ya 44,000 inaweza kuguswa mpaka asilimia 85. Hiyo 32,000 iliwekwa na sheria ya 1983, na 44,000 ikaja 1993, hazijapandishwa tangu hapo pamoja na bei za vitu kupanda hivi, ndo maana siku hizi hata sisi watu wa mishahara ya kawaida tunaingia. Mtu asiye na ndoa kwake inaanzia 25,000. Na mlio kwenye ndoa, mkifaili kila mtu kivyake na mliishi nyumba moja hata siku moja katika mwaka huo, inaanzia sifuri. Yaani mliokimbilia kufaili tofauti ili kuilinda ile hela mmeivua nguo, inahesabika kuanzia dola ya kwanza.

Tuje kwenye zetu. Mzee alikuwa anapata 1,500 kwa mwezi mwaka 2024, benki ilikuwa inaingia 1,325 kwa sababu Medicare, bima ya afya ya serikali, walikuwa wanakata 174.70 kabla, lakini karatasi yake kwenye boksi la 5 ilisema 18,000, sio ile iliyofika benki, na wengi mnakosea hapo. Mimi niliingiza 41,000. Tuna watoto wawili, wote wamezaliwa hapa.

Tukifaili pamoja: nusu ya 18,000 ni 9,000, jumlisha 41,000 inakuwa 50,000, tumevuka 44,000, kwa hiyo dola 11,100 za mzee zinaingia kwenye hesabu ya kodi. Inatisha eeh. Lakini mkiwa pamoja kiasi kisichotozwa kodi mwaka huo kilikuwa 29,200, kwa hiyo 41,000 na 11,100 ni 52,100, toa 29,200 inabaki 22,900, kodi yake 2,290.

Tulivyofaili tofauti: mzee zilihesabiwa 7,650, na yeye ana kiasi chake kisichotozwa 14,600, kwa hiyo hakudaiwa kitu, na hapo ndo yule aliyetujazia alijisifia, "si unaona, mzee sifuri!" Sifuri kweli. Ila mimi upande wangu 41,000 toa 14,600 inabaki 26,400 na kodi ikawa 2,936. Tayari tumepoteza dola 646. Halafu kuna EITC, ile krediti ya wafanyakazi wa kipato kidogo wenye watoto, tukiwa pamoja tungepata kama 2,230, lakini mume na mke mnaolala nyumba moja mkifaili tofauti EITC inafutwa, sifuri. Jumlisha hapo. Karibu 2,900, na shilingi moja ya SSDI haikuokolewa kwa sababu haikuwa hatarini hata kidogo.

Aliyenifumbua macho ni mama mmoja mtu mzima anayejitolea na VITA, ule mpango wa IRS wa kuwajazia watu ritani bure, wenye kipato kidogo, walemavu, na ambao Kiingereza kinawasumbua. Nilikwenda maktaba kwa ajili ya jambo lingine kabisa nikakuta meza yao nikaona niulize tu. Akaomba nimwonyeshe ritani zote mbili, akavaa miwani, akaweka kidole kwenye sehemu ya filing status, ya kuonyesha mmefaili vipi, hakusema kitu kama dakika nzima, halafu akaniuliza taratibu, mnaishi pamoja? Nikasema ndio. Akasema pole mwanangu, hii inarekebishika.

Na kweli inarekebishika, hili liandikeni mahali. Mkifaili tofauti mna miaka mitatu, kuhesabu kutoka tarehe ya mwisho ya kufaili, kubadili kwenda pamoja kwa fomu 1040-X. Kinyume chake hapana, mkishafaili pamoja na Aprili 15 ikapita hamuwezi kurudi nyuma mkafaili tofauti kwa mwaka huo. Sisi tulituma yetu, ikachukua karibu miezi minne, hela ikaingia. Nililipa tairi mbili za gari hili nililokalia, nyingine tukalipia deni la umeme.

Kama watoto nao wanapata fungu lao la SSDI kwa ajili ya baba, karatasi ya mtoto ni ya mtoto, usiijumlishe kwenye ya baba. Nimeona mtu kajumlisha.

Sasa SSI, na hapa naomba msome polepole maana huku watu wanaumia zaidi. Nina rafiki yangu Mrundi, tumefahamiana jumuiya, Kiswahili chake cha Bujumbura kitamu sana. Ameshaapa uraia, mgongo wake umeharibika, yuko SSI. Watoto wao wakubwa wameshaondoka nyumbani. Mume alikaa muda bila kazi halafu 2024 akapata kazi ya kufua mashuka ya hoteli, 2,500 kwa mwezi kabla ya makato. Mtu akawaambia msiwe na wasiwasi, failini tofauti Social Security hawatajua. Wakafaili tofauti, hawakuripoti.

Mwishoni mwa mwaka jana ikaja barua, kalipwa zaidi ya alichostahili. Alinipigia simu huku analia, anasema dada, si tulifaili kivyetu?

SSI haisomi ritani yenu ya kodi kuamua, inaangalia mnaishi nyumba moja kama mume na mke. Mkiishi pamoja, mshahara wa mwenzako unahesabiwa kama sehemu yako, iwe mmefaili pamoja au tofauti au hamjafaili kabisa. Na suala la "hawatajua", ile W-2, karatasi ya mshahara anayotoa mwajiri kila Januari nakala yake inakwenda huko huko Social Security, ndo wanaopokea. Hesabu ya 2024 ilikuwa hivi: 2,500 toa 20, toa 65, gawa mbili, inabaki 1,207.50. Kiwango cha mke na mume mwaka huo kilikuwa 1,415, toa hiyo, alistahili 207.50. Alikuwa anapokea 943. Tofauti 735.50 kila mwezi, kwa miezi kumi ni 7,355. Nyumba yenye mgonjwa na mfua mashuka.

Wangeripoti mapema, kabla ya tarehe 10 ya mwezi unaofuata kama wanavyotaka, angepunguziwa ndio, lakini asingedaiwa. Na wangefaili pamoja wasingepoteza chochote cha SSI kwa sababu hiyo. Hata rifandi, hela ya kodi inayorudishwa, walikuwa wanaiogopa, eti itawapitisha ile 3,000 ya akiba wanayoruhusiwa mke na mume, wakati rifandi ya serikali kuu haihesabiwi kama kipato na wanakupa miezi 12 kabla ya kuihesabu kama akiba.

Wenye wenza waliobaki Tanga au Mombasa au Goma, nyie hesabu yenu nyingine. Kama mwaka mzima hamkukaa pamoja na ukafaili tofauti, SSDI yako inaanzia 25,000, sio sifuri. Mnaweza pia kuchagua kufaili pamoja mwenzako akiombewa ITIN, namba ya kodi ya asiye na namba ya Social Security, ila mapato yake ya huko nyumbani yanaingia kwenye fomu, na mmoja akiwa na ITIN badala ya namba ya Social Security EITC hampati. Pigeni zote mbili mlinganishe.

Sisemi kufaili pamoja ni kwa kila mtu. Mkisaini pamoja deni la kodi ni la wote wawili, kama mwenzako ana biashara anaficha mapato usisaini, linda kichwa chako. Lakini kama shida ni deni lake la zamani la matunzo ya mtoto au mkopo wa shule na unaogopa rifandi ikamatwe yote, kuna fomu 8379 ya kudai fungu lako, sio lazima mtengane kwenye ritani.

Na ile sauti inayozunguka WhatsApp kwamba Social Security haikatwi kodi tena tangu Julai 2025, hapana. Sheria ya Julai hiyo ilitoa punguzo la 6,000 kwa waliofika miaka 65, kuanzia ritani ya 2025 mpaka 2028, na mlio kwenye ndoa lazima mfaili pamoja kulipata. Baba watoto ana 51, halimhusu.

Rafiki yangu tulikwenda naye ofisini Alhamisi iliyopita. Barua ilisema ana siku 60 za kupinga, zilikuwa zimebaki tisa. Deni lenyewe ni halali kwa hiyo tukajaza SSA-632, ya kuomba asamehewe, tukaandika pango, dawa, nauli, unga, kila kitu mpaka vocha ya kupigia mama yake Bujumbura. Sehemu ya kueleza kwa nini hakuripoti aliniuliza aandike nini nikamwambia andika kama ilivyokuwa. Akaandika mistari mitatu kwa mkono wake, karani akapiga mhuri akampa nakala. Kwa sasa hawamkati kitu mpaka jibu litoke.