Bunduki mpya ya upepo na kindi: kazi kubwa hufanyika kabla ya kuingia msituni

Bunduki ninayotumia ni ya springi, ile ya kukunja mtutu, kipenyo 5.5 mm. Ya 4.5 mm nayo inatosha kwa kindi, na risasi yake haishuki sana njiani, ila ni nyepesi, karibu nusu ya uzito wa ile nyingine. Mambo ya kibali cha silaha na msimu wa kuwinda yamalize mapema.

Bunduki ikitoka dukani imejaa grisi. Risasi za mwanzo zitatoa moshi na mlio mkali, kwa sababu mafuta yaliyo mbele ya pistoni yanaungua hewa inapobanwa. Wakati huo kasi ya risasi inapanda na kushuka, kwa hiyo kurekebisha darubini ni kupoteza muda. Pitisha kitambaa kikavu ndani ya mtutu, piga hadi moshi uishe, kisha kaza skrubu zote za kitako; mtikisiko huzilegeza na shabaha huanza kuhama bila sababu inayoonekana. Usifyatue bunduki tupu hata mara moja. Risasi ndiyo inayoziba njia ya hewa, na hewa hiyo iliyobanwa huwa mto wa pistoni; risasi isipokuwepo chuma hugonga chuma.

Darubini nayo iwe iliyotengenezwa kwa bunduki za springi. Bunduki hizi hupiga teke mara mbili, nyuma kisha mbele, na hilo la mbele huvunja darubini ambazo kwenye bunduki za baruti hudumu miaka.

Teke hilo huanza kabla risasi haijatoka mtutuni, na hapo ndipo wengi hukwama. Ukiibana bunduki kwa nguvu, au ukiilaza juu ya jiwe, risasi zitatawanyika hata kama jicho lako ni zima. Mimi huilaza kwenye kiganja kilicho wazi, mahali palepale kila mara, bega likiigusa tu, na kuiacha iruke inavyotaka. Jaribu risasi za aina tatu au nne zenye kichwa cha mviringo. Mtutu una zake unazozipenda, na bei haisemi lolote.

Narekebisha darubini ili kwenye mita 25 risasi ipige palepale ninapolenga. Kumbuka darubini imekaa sentimita nne hivi juu ya mtutu, kwa hiyo kindi akiwa mita 8 risasi itapiga chini ya ulipolenga. Umbali wako wa kuwinda ni ule ambao risasi tano mfululizo zinaingia kwenye duara la sentimita 2.5, ukiwa umekaa kama utakavyokaa msituni. Namba za kasi kwenye boksi zisikudanganye.

Msituni, kaa umeegemea shina na utulie robo saa. Kindi akikuona huzunguka upande wa pili wa mti. Usimfuate, atachungulia mwenyewe. Lenga kichwa, kati ya jicho na sikio. Risasi ya kifuani huweza kumjeruhi tu, akakimbilia shimoni kufia humo. Nyuma yake pawe na shina au tawi nene, kamwe si anga tupu, maana risasi iliyokosa husafiri mamia ya mita. Na msimu wa kunyonyesha ukifika, waache.

Kuchuna, vaa glavu na uloweshe manyoya kwanza, la sivyo yatajaa kwenye nyama. Kata mfupa wa mkia kutoka chini bila kutoboa ngozi ya mgongoni, kanyaga mkia, kisha vuta miguu ya nyuma kwenda juu: ngozi inavuka kama fulana. Tazama ini. Likiwa na madoadoa meupe, tupa mnyama mzima. Kindi mchanga anakaangwa moja kwa moja. Mzee, ambaye ngozi yake huvutika kwa shida, achemshwe kwanza saa moja na nusu.