"Haya" ya Mama

Tangu Alhamisi usiku kuna neno moja la mama linanizunguka. Naosha vyombo, lipo. Natoa fotokopi dukani, lipo. Neno lenyewe ni "haya".

Nianze na filamu. Mnajua Alhamisi ndiyo siku yetu ya kukaa sebuleni na kuangalia kitu pamoja tangu baba atutoke. Safari hii zamu ilikuwa yangu, nikaleta The Big Sick, ya mwaka 2017. Ni ya Kumail Nanjiani, mzaliwa wa Karachi, anayejiigiza mwenyewe alivyokuwa Chicago: usiku anasimama jukwaani na maiki kuchekesha watu, mchana anaendesha Uber, mpaka mpenzi wake anapolazwa hospitali mahututi. Niliichagua makusudi. Nyumba ya Waislamu, mama anayemtafutia mwanawe mchumba, mabinti wanaobisha hodi wakati wa chakula eti "walikuwa wanapita tu". Nikasema hapa Ujiji nani atashindwa kuielewa?

Haina sauti ya Kiswahili, kwa hiyo nilikaa pembeni ya runinga nikatafsiri mwenyewe. Kazi ngumu. Uchekeshaji wa jukwaani hauna mtu anayeteleza kwenye matope wala mwanamume aliyevaa gauni. Ni maneno matupu, na ukichelewa kidogo tu yameshakufa. Watu wa Chicago wanacheka, sebule yetu inanitazama mimi. Utani wa Septemba 11, pale kwenye kantini ya hospitali, sikuutafsiri kabisa. Sikujua nianzie wapi.

Mdogo wangu wa kiume alishatoa hukumu mapema: huyu hachekeshi, turudishe Majuto. Amekua na King Majuto kama sisi sote, na mnakumbuka Agosti 2018 mzee alipofariki nyumba yetu ilivyokuwa. Kwake mchekeshaji ni mtu ambaye ukimwona tu, kabla hajafungua mdomo, mbavu zinauma. Lakini Kumail alipopanda jukwaani akashindwa kuchekesha, akaanza kueleza habari ya mgonjwa wake mpaka sauti ikakatika, ni huyo huyo mdogo wangu aliyeniambia, "Dada, ngoja kwanza, usitafsiri."

Shangazi alimtambua Anupam Kher pale pale alipotokea, akapiga makofi. Picha za Kihindi amezimaliza huyu. Na yule mama wa binti, Holly Hunter, alipomvaa kijana aliyemtukana Kumail ukumbini, shangazi alisimama kabisa: "Huyo ndiye mkwe!"

Lakini wakati huo mama alikuwa ameshaondoka.

Alikuwa amekaa mkekani na ungo wake, anachagua mchele. Hakucheka hata mara moja. Kuna sehemu Kumail anashuka chini eti kuswali, anatandika mswala, anaiachia simu ihesabu dakika, zikiisha anarudi juu kwa wazazi wake kama mtu aliyeswali. Hapo mama akaacha mchele.

"Hii ni habari ya kweli?"

"Ya kweli mama. Ni maisha yake mwenyewe."

"Sasa kazi yake ndiyo hii? Kuwasema wazazi wake kwa watu wacheke?"

"Hawasemi vibaya, mama. Ni vichekesho."

"Na wewe unavyotuandika, watu wanacheka?"

"Wengine wanacheka."

"Haya."

Akachukua ungo wake, akaenda kuswali Isha. Hakurudi. Binti wa kwenye filamu bado alikuwa mzima.

Nimelirudia neno hilo mpaka limepoteza umbo. Kuna haya ya kukubali. Kuna haya ya kuagana. Kuna ile wazazi wanayoitumia mtoto akipanda mwembe walioshamkataza. Ya Alhamisi haikuwa mojawapo ya hizo. Ilishuka polepole, kama mtu anayefunga mlango na hataki usikike. Usiku nikaanza kulisikia lile haya jingine, la kuona haya, na hapo usingizi ukaniruka.

Maana mama ana sababu. Ile habari ya mama na nauli ya jogoo kwenye basi la Kasulu, ambayo wengi wenu mliipenda sana, ilimfikia. Kuna mwanamke sokoni Mwanga alimwita "mama jogoo" mbele ya wateja. Mama hakuniambia. Aliniambia shangazi, baada ya muda mrefu. Mimi niliiandika kwa mapenzi. Nilimwona mama yangu shujaa pale, amesimama katikati ya basi na jogoo kwapani, hakubali kuonewa na kondakta. Lakini yeye alipewa jina sokoni, mimi nikapewa sifa.

Kingine kilichonikaa ni hiki. Filamu ile Kumail hakuiandika peke yake. Aliiandika na mke wake, Emily V. Gordon, yule yule aliyelazwa usingizi wa dawa huku madaktari wakitafuta kinachomuua, na wote wawili wakateuliwa Oscar kwa uandishi huo. Yaani aliyelala aliamka, akashika kalamu, akasema yaliyo yake. Mama wa Kumail kalamu hakuishika. Mama yangu aliliona hilo kabla yangu, na hata nusu ya filamu hakuangalia.

Nilijaribu kujitetea kimoyomoyo kwa habari ya watani. Kwenye msiba wa bibi, mtani alilala mlangoni kuzuia jeneza lisitoke mpaka alipwe, akaeleza ubahili wa marehemu mbele ya halaiki, na mama alicheka ndani ya kanga huku machozi yanamtoka. Hayo si maneno ya nyumbani? Lakini mtani ana ruhusa aliyorithi kwa mababu, anasema uso kwa uso, na zamu yake ya kusemwa itafika tu. Mimi ruhusa nilijipa.

Ijumaa posa ya mdogo wangu wa kike ilipokelewa na mahari tukakubaliana, Jumamosi baba mkubwa akatoka hospitali, nawashukuru nyote mlioomba dua, na kote huko nilikuwa na ile haya masikioni.

Leo asubuhi nimemkuta mama jikoni, anamimina mawese. Shikamoo. Marahaba. Nikachukua kisu nianze vitunguu. Bila kugeuka akauliza:

"Yule binti, alipona?"

Kumbe aliuliza kwa shangazi! Kumbe siku tatu na yeye alikuwa na filamu ile kichwani! Furaha niliyoipata siwezi kuieleza. Nikamweleza yote: kwamba binti alizinduka, kwamba kwanza alimkataa Kumail, kwamba baadaye aliona video ile ya jukwaani alikolia. Akawa anaitikia tu, mm, mm, mwiko unazunguka.

"Na mama wa kijana?"

"Alikasirika sana. Siku mwanawe anahamia New York alikwenda kumuaga, lakini hakushuka kwenye gari. Hata kumtazama alikataa. Ila alimpikia chakula. Baba ndiye aliyemkabidhi."

Mwiko ukasimama.

"Basi hajamwacha," akasema. "Mtu humpikii uliyemwacha."

Nikakata vitunguu. Macho yakaniwasha kwa vitunguu na kwa mengine. Halafu, kama vile anaendelea na maneno yale yale, akasema: "Ile ya jogoo. Mbona hukuandika alikuwa wa nini?"

Sikuwa na jibu. Hata sasa sina zuri. Niliacha kwa sababu kicheko kingekatika.

"Ukiandika tena, uandike."

Kwa hiyo naandika. Jogoo yule alikuwa wa arobaini ya baba. Mama alimfuata mwenyewe hadi Kasulu kwa sababu baba alipenda kuku wa huko, na pesa aliyobaki nayo mfukoni ilikuwa nauli ya mtu mmoja. Alikataa kumlipia jogoo kwa sababu angelipa, angeshuka njiani. Mliocheka, sijawalaumu. Sikuwapa habari kamili.

Alhamisi ijayo zamu ni ya mama. Amesema atachagua mwenyewe na nisimwulize.

Nilitaka kuongeza habari za mdogo wangu na kitambaa cha harusi, lakini mjomba wa Kibirizi amepiga simu sasa hivi. Maji ya ziwa yamefika kwenye ngazi ya jiko lake. Majirani wa upande wa chini walihama zamani, yeye bado anasema yatarudi, na mvua za Machi bado hazijaanza. Kesho nikifunga duka nitachukua bajaji niende nikaone. Ameniomba nimletee magunia matupu, kumi au zaidi, ya kujaza mchanga. Nyumbani tuna manne.