Siku moja maishani mwangu: mfamasia wa wodini

Saa 1:30 asubuhi niko wodi ya wanaume, Dar es Salaam. Watu wengi wanamjua mfamasia wa dirishani tu. Mimi nashinda vitandani, nikitafuta nani yuko tayari kutolewa kwenye antibayotiki ya mshipa aanze ya kumeza.

Saa 2 hadi saa 4, raundi. Homa imeshuka kwa saa 24? Anakula bila kutapika? Mapigo ya moyo yametulia? Mwenye homa ya uti wa mgongo simgusi, huyo anabaki na sindano. Kijana aliyepasuliwa kidole tumbo alikuwa bado anatundikiwa metronidazo kila baada ya saa 8, na dawa hiyo ikimezwa huingia kwenye damu karibu yote. Daktari akabadilisha palepale.

Saa 4:15, mzee wa nimonia. Siku ya tatu ya seftriaksoni, antibayotiki ya sindano, hana homa tangu juzi usiku, kikombe cha uji kitupu. Daktari ameshaandika: dozi ya leo usiku iwe kidonge. Mwanawe akasimama.

"Dada, mnamtolea baba sindano kwa sababu tuna bima?"

"Hapana kaka yangu, ni kwa sababu amepata nafuu."

"Kidonge kitafika vipi kwenye pafu?"

Nikaeleza: kinayeyuka tumboni, kinaingia kwenye damu, na damu ndiyo inayokipeleka. Akampigia dada yake Mwanza, akaweka spika, nikaeleza upya. Shangazi akaingia na hotpoti, nikaanza mwanzo tena, miguu inawaka moto. Siwalaumu. Kwetu sindano ndiyo dawa, na anayepewa vidonge huona ametupwa. Lakini inaniuma, maana sista aliye peke yake zamu nzima anachanganya dawa na kusukuma bomba kwa mgonjwa anayeweza kumeza.

Nikamwomba mzee anyooshe mkono. Ngozi juu ya kanula, kile kijimrija cha kupitishia dawa mshipani, imekuwa nyekundu, na mshipa umekakamaa kama kamba ukipanda kuelekea kwenye kiwiko. Nilipougusa akavuta mkono.

"Shangazi, mshipa umeanza kuvimba. Tundu hili linaingiza dawa, na wadudu nao wanaweza kupita hapohapo."

Mzee, aliyekuwa kimya muda wote, akasema, "Nitoeni hiki kitu. Usiku sijalala."

Sista akaitoa kanula, akabana pamba. Mwanawe akakaa.

Mchana sikumbuki nilikula saa ngapi. Vidonge havikuwepo kwenye stoo ya wodi, nikavifuata mwenyewe famasia kuu, foleni ndefu, narudi nakuta mafaili mengine manne yananisubiri.

Saa 11 jioni namkuta mzee amekaa barazani, mikono yote miwili imeshika kikombe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Ile ya saa mbili usiku, nimeze kabla ya kula?"

"Ukishaanza kula, baba. Tonge la kwanza, halafu kidonge."