Mizani nane za Tennyson, na rafiki asiye ndugu

Kila kidato cha tatu kikifika kwenye utenzi, nasema maneno yale yale ubaoni: ubeti una mistari minne, kila mstari mizani nane, mistari mitatu ya mwanzo inashirikiana kina, na wa nne unabeba bahari, yaani kile kina kinachotembea kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Kwa hiyo nilipokutana na In Memoriam A.H.H., shairi refu la maombolezo la Alfred Tennyson, kwenye boksi la vitabu vya msaada stoo ya shule, hapa Moshi, nilianza kuhesabu kwa vidole kabla sijatafuta maana. Mistari minne. Silabi nane, nane, nane, nane. Mwingereza wa karne ya 19 anaomboleza kwa kipimo cha utenzi!

Kinachotofautiana ni vina. Kwake mstari wa kwanza unalingana na wa nne, wa pili unalingana na wa tatu. Nitarudi hapo, maana kwangu hapo ndipo penye siri yote ya kazi hii.

Anayeombolezwa ni Arthur Henry Hallam. Walijuana Cambridge, katika chuo cha Trinity, wote vijana, wote wanaandika. Hallam akawa mtu wa nyumbani kwa akina Tennyson huko Somersby, Lincolnshire, akamchumbia Emily, dada yake Alfred. Septemba 1833 alikuwa safarini na baba yake, wakafika Vienna. Baba akatoka kidogo, aliporudi akamkuta mwanawe kwenye kochi, akadhani amelala. Alikuwa na miaka 22. Mwili ulisafirishwa kwa meli kutoka Trieste, ukazikwa Clevedon, karibu na mto Severn, Januari 1834. Tennyson hakwenda mazikoni. Alikuja kulitazama lile kaburi mwaka 1850, akiwa na mke wake mpya. Miaka kumi na sita baadaye.

Hallam alikuwa rafiki. Hakuwa kaka yake, na shemeji hakuwahi kuwa. Jambo hilo linanishika kooni kila nikilifikiria, kwa sababu najua nafasi ya rafiki msibani kwetu.

Mwenzangu tuliyefundisha naye, yeye Jiografia mimi Kiswahili, alizikwa Machame kihambani kwao. Umati ulikuwa mkubwa, turubai hazikutosha, watu wamekaa mpaka kwenye migomba. Ukafika wakati wa mashada. Mshereheshaji anaita: wazazi, mume na watoto, kaka na dada, wajomba na mashangazi, ukoo wa mume, wana jumuiya, wafanyakazi wenzake. Nilisogea na shada langu mapema mno, mzee mmoja wa ukoo akaniuliza kwa upole, “Wewe ni nani wa marehemu, mama?” Nikajibu, rafiki yake. Akasema, “Basi subiri kidogo, mwanangu, marafiki wanaitwa mwishoni.” Hakukosea hata kidogo, ndivyo ratiba ilivyo na ndivyo inavyopaswa kuwa, damu kwanza. Lakini baada ya msiba kumalizwa na ukoo kukaa kikao, rafiki hana kikao. Anarudi mjini na daladala, Jumatatu anaingia darasani.

Tennyson alijipa kikao chake mwenyewe, kikadumu miaka 17. Sehemu 131, ukiacha dibaji na hitimisho, jumla takriban mistari 2,900. Hakukaa chini akapanga kuandika kitabu. Aliandika kipande hapa, kipande pale, kwenye daftari refu lililofanana na daftari la hesabu la buchani. Mwanzoni mwa 1850 aliligundua halipo: alikuwa amelisahau kwenye chumba alichopanga Mornington Place, London. Akamwomba mshairi mwenzake, Coventry Patmore, aende akalitafute, na Patmore akalikuta kabatini. Nikifikiria hilo kabati natetemeka kama vile ni daftari langu. Mwenye nyumba angeweza kuwashia jiko.

Mwaka huo huo kitabu kikatoka bila jina la mwandishi, Tennyson akamwoa Emily Sellwood, na Novemba akateuliwa mshairi rasmi wa ufalme baada ya Wordsworth kufariki. Heshima zilizofuata, hadi cheo cha ulodi mwaka 1884 na kuzikwa Westminster Abbey mwaka 1892, zinasimuliwa kila mahali, sina la kuongeza.

Turudi kwenye vina. Nilijaribu kumwandikia mwenzangu kwa arudhi ninayoifundisha, yaani zile kanuni za utenzi:

Jina lako lingalipo,
kwenye simu ndipo lipo,
usiku niamkapo
huliangalia sana.

Unasikia ile “sana” inavyokusukuma? Sikio tayari linangoja ubeti wa pili uishie na “na”, na wa tatu, na wa mia. Utenzi ni wa safari. Umeumbwa kusimulia vita, maisha ya mitume, au wosia mrefu kama ule Mwana Kupona alioutunga mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake. Unakwenda mbele. Sasa maneno karibu yale yale, kwa mpango wa Tennyson:

Jina lako sijafuta,
kwenye simu lingalipo;
usiku niamkapo
ndilo ninalotafuta.

Huu haukusukumi popote. Unatoka kwenye “futa”, unaingia ndani kwenye “po” na “po”, halafu unarudishwa palepale ulipoanzia. Ubeti umejifunga wenyewe. Ukitaka kuendelea ni lazima uanze upya, na ubeti mpya nao utatoka, utaingia, utarudi. Aliyefiwa anajua mwendo huo. Leo nimepata nafuu, nimecheka na wanafunzi, halafu kwenye foleni ya kununua vocha nasikia mtu anacheka kama yeye, narudi siku ya kwanza. Tennyson alikwenda hivyo ubeti baada ya ubeti, na katika safari hiyo Krismasi tatu zinapita ndani ya shairi, kila moja ikimkuta mahali tofauti. Kila ubeti unarudi ulikotoka, lakini shairi zima linasogea. Sijui mshairi mwingine aliyeliweza hilo kwa umbo dogo namna hiyo.

Mwenyewe alijua umbo linamfanyia nini. Katika sehemu ya 5 anasema karibu anaona ni nusu dhambi kuuweka uchungu wake kwenye maneno, lakini kazi ya kupima mistari inaufisha moyo ganzi kama dawa. Naamini. Nilipokuwa nahesabu mizani ya ule ubeti wa simu, kwa robo saa hivi sikulia. Na katika sehemu ya 21 anawapa nafasi wapita njia wanaomsema kwamba anautangaza msiba wake ili watu wamwonee huruma. Anajibu kwamba anaimba kwa sababu hana budi, kama ndege.

Kuna jingine ambalo mwenzangu angelipenda. Mwaka 1837 Tennyson alisoma kitabu cha mwanajiolojia Charles Lyell, miaka 22 kabla Darwin hajatoa chake maarufu. Akaelewa kwamba mawe yamejaa viumbe waliokwisha kutoweka, kwamba maumbile hayajali mmoja wala jamii nzima, na imani yake ikatikisika kwelikweli. Katika sehemu ya 123 vilima ni vivuli, vinatiririka, nchi ngumu zinayeyuka kama ukungu. Mwenzangu aliwafundisha hayo hayo watoto wa hapa akiwaonyesha dirishani: Shira ilikuwa kilele ikaporomoka, Mawenzi imezimika, Kibo imelala tu. Mlima ambao kila mtu mjini anauelekea asubuhi kutazama hali ya hewa, nao una umri wake. Aliyasema kwa furaha, hakuogopa. Tennyson aliogopa, na akaendelea kuandika ndani ya hofu hiyo, bila kujifanya ana jibu. Kwa hilo namheshimu kuliko kwa lolote.

Malkia Victoria, alipofiwa na mumewe Albert mwaka 1861, alisema baada ya Biblia ni shairi hili lililomfariji, akamwita Tennyson mwaka uliofuata. Mjane na mshairi wakazungumza. Shairi la rafiki likawa la mke.

Tennyson alimwita mtoto wake wa kiume Hallam. Mwingine, Lionel, alifariki Aprili 1886 melini akitoka India, na kuzikwa baharini, Bahari ya Shamu. Baba hakuwepo, kama ambavyo hakuwepo Clevedon. Kitabu chake cha mashairi cha 1889 kilipotoka, Tennyson amefika miaka 80, kulikuwa na shairi kwa Marquis wa Dufferin na Ava, ambaye Lionel alikuwa mgeni wake kule India. Lisome uone: mistari minne, mizani nane, kina cha kwanza kinarudi mstari wa nne. Kwa mwanawe alichukua kipimo kile kile alichokuwa amempa rafiki.

Mkitaka kuisoma In Memoriam, na inapatikana bure mtandaoni, msianzie mwanzoni. Dibaji ina tarehe ya 1849, ni ya mtu aliyekwisha kutulia. Anzeni na sehemu ya 7, beti tatu tu, amesimama alfajiri mbele ya nyumba ya Hallam, London, mvua inanyesha. Halafu ya 95, anaposoma barua za marehemu usiku bustanini. Soma kwa sauti, mkono mmoja ukihesabu.