Siku moja kwenye dawati la malalamiko ya kelele za ndege, Malindi

Kazi yangu ni kupokea malalamiko ya wakaazi wanaoishi jirani na uwanja wa ndege wa Malindi, hasa yale yanayohusu kelele. Wengi wanaosikia hivyo hudhani kwamba ninalipwa kuwatuliza watu kwa maneno matamu mpaka wachoke warudi makwao, na wapo hata jamaa zangu wanaoamini hivyo. Ninaieleza hapa siku moja ya mwezi wa Februari, kaskazi ikiwa bado inavuma, ili ionekane kazi yenyewe ilivyo: ni kutafuta ukweli wa sauti ambayo imekwisha kupita, kisha kumpa aliyeudhika nayo jibu lisilo na udanganyifu, hata pale jibu hilo linapokuwa zito kulitamka.

Saa kumi na mbili asubuhi ninatoka nyumbani Barani kwa tuktuk, na kabla ya saa moja niko mezani, chai na mahamri upande mmoja, orodha ya ujumbe wa usiku upande wa pili.

Siku hiyo ujumbe wa kwanza ulikuwa wa sauti, kutoka kwa mama mmoja anayeishi nyuma ya uzio na anayemuuguza mumewe nyumbani. Alisema kwa utulivu, bila kulaumu: “Mwanangu, leo tena, saa kumi na moja na nusu alfajiri, ndege imenguruma mpaka mgonjwa wangu akaamka anatetemeka. Imekaa, haipiti. Tunaomba mtuangalilie.” Maneno “imekaa, haipiti” niliyaandika kwenye daftari na kuyapigia mstari. Ndege inayoruka hupita: sauti yake hupanda, hufika kileleni, hushuka, na kwa kawaida yote hayo huisha ndani ya dakika moja au mbili. Sauti inayokaa mahali pamoja ina chanzo kingine, na mama huyu, ambaye hajawahi kushika kipima sauti, alikuwa amenipa kiini cha uchunguzi kwa maneno mawili.

Saa mbili nilikwenda kulinganisha saa. Watu wa nje hawajui kwamba kila lalamiko hupitia hesabu tatu tofauti za saa. Mkaazi hutaja saa ya Kiswahili, kumi na moja na nusu. Ofisi huandika 5:30 kwa saa za Afrika Mashariki. Na mnara wa kuongozea ndege, kama minara yote duniani, hutumia saa ya pamoja ya kimataifa iliyo nyuma yetu kwa saa tatu, kwa hiyo kwake tukio hilo ni 0230. Asiyekuwa mwangalifu anaweza kumwambia mtu kwamba hakuna ndege iliyopita, kumbe amesoma mstari wa saa nyingine, na mkaazi aliyejibiwa hivyo mara moja hatakuamini tena. Nilipitia mistari yote kwa kidole. Hakuna ndege iliyokuwa imetua wala kupaa alfajiri hiyo. Nilikusudia kwenda moja kwa moja kwa walinzi wa lango kuangalia daftari la walioingia, ila niliporudi ofisini kuchukua kalamu nilimkuta mgeni amekwisha kukaa kwenye kiti changu cha wageni.

Alikuwa mzee mwenye nyumba ya kupangisha ya ghorofa, upande wa kaskazini wa njia ya kurukia. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuniangalia, akaweka simu yake juu ya meza.

“Soma mwenyewe. Tisini na mbili.”

Alikuwa amepakua programu ya kupima sauti na kuinua simu darini wakati ndege ya mchana ilipopaa. Nilimweleza, kwa heshima niliyoweza, kwamba maikrofoni ya simu imetengenezwa kwa ajili ya mtu anayezungumza karibu, na kwamba hakuna aliyeihakiki. Kipima sauti chetu, kila kabla ya kukitumia, hufungiwa kifaa kidogo kinachotoa sauti ya desibeli 94 kamili (desibeli ndiyo kipimo cha ukali wa sauti), na kisipoisoma hivyo hurekebishwa kwanza au hakitoki ofisini. Nilimweleza pia kwamba desibeli hazijumlishwi kama shilingi: ndege mbili za kelele sawa zikilia pamoja huongeza desibeli 3 tu, ilhali ongezeko la desibeli 10 ndilo ambalo sikio la mwanadamu hulisikia kama kelele iliyozidi maradufu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba hakuja kusomeshwa. Alitaka mambo mawili: ndege zigeuzwe zipae upande wa pili, na yeye apewe barua yenye mhuri inayosema kwamba wapangaji wake wamehama kwa sababu ya uwanja wa ndege.

Kuhusu la kwanza, hakuna mtu Malindi anayepaswa kuhitaji maelezo marefu kuhusu upepo, kwa kuwa bandari hii imeishi kwa kusi na kaskazi kwa karne nyingi. Ndege hupaa na kutua ikielekea upepo, kwani upepo wa mbele huzipa mbawa nguvu ya kuinua ndege ikiwa bado ina mwendo mdogo juu ya ardhi. Njia yetu imelala takriban kaskazini na kusini, nayo ina urefu wa kiasi cha mita 1,400 tu. Kaskazi ikivuma, ndege hupaa kuelekea kaskazini, juu ya mapaa ya watu kama yeye, injini zikiwa katika nguvu kubwa. Juu ya hayo, joto la Februari huipunguzia hewa uzito, ndege ikahitaji kukimbia zaidi ardhini na kupanda polepole zaidi, ndiyo maana mwezi huu anaziona ziko chini. Kumwambia rubani apae huku upepo ukimsukuma kutoka nyuma, kwenye njia fupi, na abiria wamejaa, ni jambo ambalo sitalipendekeza hata kama jirani yangu mwenyewe ndiye analia.

“Basi wa kule Msabaha wazipokee wao,” alisema. “Mimi nimezichoka.”

“Mzee wangu, wao huzipokea kusi ikianza, kuanzia Aprili, na nao huja kuniambia nizirudishe kwenu.”

Hapo ndipo alipopandisha sauti, na nilimwachia aipandishe, kwa sababu uchovu wake haukuwa wa uongo. Aliyejenga kwa mkopo na akaona vyumba viwili vitupu ana haki ya kuwa na hasira. Shida yangu ilikuwa lile la pili. Ninaweza kuandika nilichopima, mahali nilipopima na saa niliyopima, lakini siwezi kuandika sababu ya mpangaji kuhama ilhali sikuzungumza naye. Nilimwambia hivyo, akanijibu kwamba serikali inakataa kwa makusudi ili isimlipe. Nilianza kuelewa. Mpango wa kurefusha njia ya kurukia umezungumzwa Malindi kwa miaka mingi, na suala la ardhi na fidia limegusa familia nyingi, kiasi kwamba mtu akiingia kwangu akitaja kelele, mara nyingi kuna swali la shamba nyuma yake. Siwalaumu. Ofisi yenye mlango wazi ni chache, kwa hiyo kila jambo huingilia mlango huo mmoja. Lakini dawati langu halina neno juu ya fidia, na kumpa mtu karatasi yenye mhuri ili aibebe akiamini kwamba ina uzito ambao haina, huko ndiko kungekuwa kumtapeli.

Alinionyesha ruhusa aliyopewa kabla ya kujenga. Ilihusu urefu wa jengo, ili lisizuie ndege, na haikutaja kelele popote. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi. Mwaka 2001 nchi wanachama wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga zilikubaliana juu ya njia nne za kushughulikia kelele: kupunguza kelele kwenye ndege zenyewe, kupanga matumizi ya ardhi kuzunguka viwanja, kubadilisha namna ya kuruka na kutua, na mwisho kabisa kuweka vizuizi vya safari. Kwa viwanja vidogo kama chetu, ninaamini ya pili ndiyo yenye uzito kuliko zote, na ndiyo inayochelewa kuliko zote. Nyumba zikishafika kwenye uzio, zilizobaki ni hatua za kupunguza makali tu.

Muda wote huo simu yangu ililia. Mara mbili niliona ni yule mama wa alfajiri, na mara mbili sikuweza kuipokea, kwa kuwa mzee alikuwa amefikia habari za mkopo na ingekuwa utovu wa adabu kumkata. Niliumia. Mtu anayelalamika kwa sauti ya chini husubiri, na anayegonga meza huhudumiwa. Sijapata namna ya kuliondoa jambo hili katika kazi yangu, nami sitaacha kuitafuta. Tulimaliza karibu na saa sita. Alikubali tuweke kipima sauti darini kwake kwa juma zima, kwa sharti kwamba nakala ya matokeo apewe siku ileile yanapotoka, jambo ambalo ni haki yake. Barua hakupata.

Mchana nilikula kidogo, nikajibu barua pepe, nikafika langoni. Daftari la walinzi lilionyesha kwamba mafundi wa kampuni moja ya ndege ndogo za kukodi waliingia saa kumi na moja kasoro. Msimamizi wao hakuficha kitu: ndege moja ilikuwa imetengenezwa usiku, na baada ya matengenezo ni lazima injini ijaribiwe kwa nguvu ikiwa ardhini, nayo ilitakiwa kuondoka asubuhi. Hiyo ndiyo iliyokuwa “imekaa, haipiti”.

Saa tisa nilikuwa uani kwa yule mama, jua kali, kipima sauti juu ya miguu yake mitatu. Nilimwomba radhi kwa simu ambazo sikuzipokea, akasema hapana neno. Nilitaka kupima ndege ya abiria ikipaa, ili ripoti iwe na kitu cha kulinganisha na sauti ya alfajiri, lakini ndege hiyo ilichelewa. Tuliambiwa nusu saa, kisha nusu saa nyingine, kisha hatukuambiwa kitu. Huwezi kukiacha kipima sauti na kwenda kupumzika, kwa sababu pikipiki ikipita, jogoo akiwika au mtoto akigonga bati, lazima uandike dakika hiyo ili baadaye usije ukaihesabu sauti hiyo kuwa ya ndege. Nilisimama nikiandika pikipiki. Mgongo uliuma, na jasho lilinitoka mpaka karatasi ikalowa. Mama alileta kigoda na maji ya ndimu, akanieleza jinsi mumewe alivyokuwa akilala hapo awali na anavyolala sasa, na hayo pia niliyaandika, kwa kuwa usingizi wa mgonjwa hauonekani kwenye kipima sauti. Mwaka 2018 ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilipendekeza kwamba kelele za ndege za usiku zisizidi wastani wa desibeli 40 nje ya nyumba. Hatuko Ulaya, lakini mwili wa mtu anayejaribu kulala ni uleule.

Ndege ilipaa hatimaye, jua likiwa limeshaanza kuteremka. Iliichukua sekunde chache kutupita. Nilikunja vifaa.

Sikumbuki vizuri ilikuwa saa ngapi nilipoanza ripoti. Taa za ofisi zilikuwa zimewashwa na wenzangu wameondoka. Kutoka maegesho ya ndege mpaka chumba cha mgonjwa nilipata mita 150. Mahali pengine panapofaa kwa jaribio la injini, upande wa pili wa uwanja, ni mita 600 kutoka hapo. Kwenye uwazi, kila umbali unapozidi maradufu kelele hupungua kwa takriban desibeli 6, kwa hiyo kuivuta ndege mpaka huko kungepunguza desibeli 12 hivi, yaani chini ya nusu ya ile anayoisikia sasa, bila kumgusa rubani, upepo wala ratiba ya abiria. Nilipendekeza pia kwamba injini zisijaribiwe kwa nguvu kabla ya saa moja asubuhi, isipokuwa kwa ndege ya kubeba wagonjwa. Nimeandika ripoti nyingi ambazo mapendekezo yake yalikuwa makubwa kuliko uwezo wetu. Hili lilikuwa ndani ya uwezo wetu, na niliweka kila hesabu wazi ili asiwepo wa kusema kwamba haiwezekani. Nikaituma kwa meneja, nakala kwa msimamizi wa mafundi.

Kisha nilimpigia mama simu. Nilimwambia kilichotokea alfajiri, nani alikuwa pale na kwa nini, na kwamba uamuzi haujatolewa. Nilimwambia pia kwamba nitakuja na kipima sauti alfajiri yoyote ambayo mafundi watasajiliwa langoni, maana nimewaomba walinzi wanijulishe.

“Na wakikataa, mwanangu?”

Nilimjibu kwamba ana haki ya kupeleka lalamiko lake kwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira inayosimamia kanuni za mwaka 2009 za kudhibiti kelele na mitetemo, na kwamba akienda huko, lalamiko lake la kwetu na vipimo vyote vitaambatana naye. Akaomba nisubiri atafute kalamu. Nilimsomea namba ya jalada lake polepole, akanisomea alivyoiandika, tarakimu moja ilikuwa imekosewa, tukaisahihisha.