Utatulindia Gari

Jumapili, saa tatu usiku. Mama Lusajo ameshalala. Mimi nipo jikoni na jiko la mkaa. Dirisha nimeliacha wazi kidogo nisije nikawaachia msiba, na baridi ya Juni inapita hapo hapo dirishani kuja kuota moto pamoja nami. Wiki imekuwa na habari nyingi na nilitaka kuwaandikia hizo. Lakini kuna kitenzi kimoja kimenikaa kooni tangu Jumatatu jioni, na nisipokitema hakuna kingine kitakachotoka.

Kitenzi chenyewe: utatulindia.

Miaka 31 nimechambua vitenzi vya namna hii ubaoni. U, nafsi ya pili umoja. Ta, wakati ujao. Tu, sisi tunaotendewa. Lind, mzizi. I, kauli ya kutendea. A, kiishio. Vipande sita, alama sita, na kila mwaka kulikuwa na mtoto wa kusahau hiyo i. Sikuwahi kujua kwamba kitenzi kina meno.

Ilikuwa hivi. Gwakisa mnamjua, mpwa wangu, yule wa pikipiki iliyozama mtoni siku ya Pasaka. Alikuja na Asajile, fundi wetu wa magari, kupanga safari ya kuwinda kule Chunya, ng'ambo ya milima ya Mbeya, maana msimu unafunguliwa tarehe 1 Julai na vibali tumeshalipia. Mama Lusajo akaweka chai na sinia la viazi vya kuchemsha. Gwakisa alikuwa anaandika kwenye simu kwa kidole gumba kimoja, mkono mwingine umeshika kiazi.

"Mimi bunduki. Asa bunduki. Mzee wa kufuata nyayo tunamchukua kule kule kijijini. Askari wa wanyamapori tutamkuta njiani. Mjomba..." Hapo akanyanyua kikombe, akapuliza chai, akanywa kidogo, akapuliza tena. "Mjomba, wewe utatulindia gari."

Nami nikajibu, "Sawa."

Sawa! Mimi niliyewahi kumjibu mkaguzi wa shule kwa methali tatu mfululizo bila kumeza mate. Hata nikaongeza, "Hamna shida," na nikasogeza chumvi karibu naye. Ile chumvi ndiyo inayoniuma zaidi.

Jumanne, kwenye foleni ya benki (kiinua mgongo kimeingia hatimaye, mgongo wenyewe ndio haujainuka), jibu likanijia lenyewe, zuri, limekamilika kama yai. Ningemwambia: "Gari unalijua wewe, Gwakisa, ndiko ulikolala mwaka 2006." Kwa sababu ndiko alikolala! Alikuwa kijana wa miaka 17, likizo fupi ya Septemba, nimemchukua anisaidie kubeba maji na kanga tutakaowapiga. Usiku fisi akalia ng'ambo ya korongo, mbali kabisa, na huyu bwana akabeba blanketi lake, akaingia kwenye gari, akafunga vioo vyote. Asubuhi vioo vilikuwa vimejaa ukungu wa pumzi yake, ameandika jina lake kwa kidole. Leo ana raifo na leseni yake, na mimi ndiye nilindaye gari.

Yule mama wa mbele yangu aligeuka kuniangalia. Nadhani nililisema kwa sauti.

Jumatano wazee wa upande wa pili walileta barua ya posa ya Lusajo, wakala, wakashukuru, wakaondoka, mambo mazuri, nitaeleza siku nyingine. Ila nakiri kwamba mshenga alipokuwa anasema wameona ua katika bustani yetu, mimi nilikuwa nawaza: na mlinzi wa bustani hiyo anailinda, au anawalindia?

Maana tofauti ipo. Angesema "utalinda gari" ningekuwa mlinzi tu, nipewe rungu na koti. "Utatulindia" ina fadhila ndani yake, kama vile "nichungie mtoto" au "nishikie mzigo". Ni jambo unalomwomba mtu unayemwamini. Lakini pia ni jambo unalomwomba mtu asiye na shughuli. Kauli ya kutendea haina hatia, ila inategemea nani kakaa na nani kasimama.

Usiku ule nilimuuliza Mama Lusajo yeye alisikia nini.

"Nilisikia 'utatushikia gari'."

"Gari halishikwi."

"Basi alisema unavyotaka wewe." Akavuta blanketi. "Hivi nyama ndiyo shida? Si wanasema siku hizi nyamapori inauzwa dukani?"

Ni kweli, kanuni za maduka hayo zilitoka 2020, na sikuwa na la kumjibu, kwa sababu nikianza kueleza kwamba shida si nyama ataniuliza basi ni nini, na mimi saa nne usiku sina jibu.

Nilitoa daftari langu la safari nikahesabu. Katika miaka 31 ya ualimu nimekwenda kuwinda mara sita. Sita. Msimu unaanza Julai, na muhula wa pili nao unaanza Julai. Novemba kidato cha nne wako kwenye mitihani. Desemba mvua imeshashuka, nyasi zimefika kiunoni, njia za vumbi zimekuwa uji. Kilichobaki ni vile visiku vya Septemba, navyo mwaka huu kuna ada, mwaka ule kuna msiba. Kila mwaka nikasema, nikistaafu. Sasa nimestaafu, nina Julai nzima, nina Agosti nzima, na goti la kulia limechagua wakati huu huu kulika gegedu. Presha nayo mwezi uliopita ilisoma 160 kwa 100. Daktari, kijana mpole sana, alisema nitembee kwenye tambarare, nimeze kidonge kila asubuhi, nisibebe mizigo. Sikumuuliza kama kilo tatu za bunduki ni mzigo. Majibu mengine hayaulizwi.

Nikapiga hesabu ya mbele. Tuseme goti linanivumilia hadi miaka 70. Hiyo ni misimu kumi. Toa mwaka wa harusi ya Lusajo, toa miaka ya misiba maana rika letu ndilo linaloitwa sasa, toa mwaka ambao gari litakataa. Tano. Labda nne. Kuna mwalimu mwenzangu, mlimsoma hapa, aliyekuwa akisema "nikistaafu" kama mimi. Viatu alivyonunua sokoni Mwanjelwa kwa ajili ya porini vilikaa na karatasi zake ndani hadi alipopata kiharusi. Sasa mwanawe anavivaa kwenda kanisani.

Ndiyo maana lile gari liliniuma. Ukiwa na misimu minne mkononi, mmoja unaambiwa uutumie kulinda tairi.

Halafu kuna jambo ambalo Gwakisa hajalifikiri, au amelifikiri. Sheria ya wanyamapori ya 2009 hairuhusu kumpiga mnyama kutoka ndani ya gari. Unashuka, unatembea, unamfuata. Kwa hiyo aliyeachwa garini si mwindaji aliyepumzika. Kisheria si mwindaji kabisa. Ni dereva mwenye leseni ya kuwinda mfukoni, kama mchezaji aliyevaa jezi akakaa nyuma ya goli kuokota mipira.

Alhamisi ilibidi niende shambani Uyole kuangalia vibarua wamemaliza kuchimba viazi au wamemaliza pesa tu. Walikuwa wamemaliza vyote viwili. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, umande umekuwa mweupe kwenye majani ya mboga, pumzi inatoka kama moshi. Goti lilikuwa limeganda. Nikageuza debe, nikakaa pembeni ya matuta, nikasema nikae kidogo lipate jua.

Wakaanza kuita. Kwale, kwenye kichaka cha mpakani, ile sauti yao ya kukwaruza kama mtu anayesugua sufuria kwa waya. Mmoja huku, mmoja akajibu kule. Sikuwa na bunduki, nilikuwa na kikombe cha chai cha plastiki. Lakini mwili ulikumbuka wenyewe. Mabega yakashuka. Nikaacha kumeza mate. Nikatazama pembeni badala ya kutazama mbele, kwa sababu ndege anahisi macho.

Nadhani ilipita robo saa. Kisha majani yakatikisika chini, si juu, na jike akatoka. Hatua nne kutoka kwenye kiatu changu! Akasimama, mguu mmoja umekunjwa, kichwa kimegeuzwa upande ili jicho moja linione vizuri. Jicho la kahawia lenye duara jekundu. Nikamwona ananipima: jiwe, au kisiki, au mzee? Akaamua lolote aliloamua, akashusha mguu, akaanza kuparura udongo wa tuta lililochimbwa. Nyuma yake wakafuata vifaranga wanne, rangi ya udongo wenyewe, ukipepesa macho unawapoteza. Mmoja akapata funza mrefu kuliko yeye na wenzake watatu wakamkimbiza kuzunguka shina la kabichi, bila kelele, kama watoto wanaokimbizana kanisani.

Nilikaa pale mpaka chai ikapoa. Nilipotazama saa ilikuwa saa moja na dakika ishirini, na goti, nawaambieni ukweli, sikulikumbuka hata mara moja. Nilicheka peke yangu shambani. Kibarua mmoja aliyerudi kuchukua jembe lake akanisalimia, "Shikamoo Mwalimu," kwa sauti ya mtu anayepita karibu na mgonjwa, na wote watano wakaruka mbio kichakani.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa na furaha ya kijinga. Nikakumbuka kwamba katika zile safari sita, risasi nilizopiga zote zinaingia kwenye kopo moja la maziwa, na nyingine zilipiga hewa. Ninachokikumbuka ni vingine. Kuipanda barabara ya Chunya alfajiri kupita mgongoni mwa mlima Loleza, umevaa makoti mawili, kisha unashuka upande wa pili na kila kona unavua kitu, mpaka unafika kwenye miombo umebaki na shati. Mbung'o wanaompenda mtu mwenye nguo za bluu. Asajile mwaka ule na ovaroli lake la gereji, walimla kama mkate. Na kanga, hawa ndio walionifundisha subira. Mchana kutwa wanakukimbia kwa miguu, hawaruki, wanakimbia tu mbele yako kama wanafunzi waliochelewa. Jioni wanapanda mtini kulala, wamejipanga kwenye tawi, rahisi kama kuokota embe, na hapo hapo jua linazama na sheria inakwambia funga bunduki. Tulikuwa tunakaa chini ya mti ule, bunduki zimetolewa risasi, tukiwasikiliza wanavyogombania nafasi ya kulala.

Sasa, gari huwa linaachwa wapi? Nimejiuliza swali hili tangu Alhamisi. Huwa tunaliacha kwenye kivuli, karibu na njia ya wanyama, wenzako wanaondoka kwa saa tano, kunatulia. Mwaka 2006 Gwakisa alituambia tuliporudi kwamba swala watatu aina ya tohe walipita mbele ya boneti na akaogopa kushusha kioo. Tukamcheka. Hakuna aliyemuuliza walikuwaje.

Nisije nikawadanganya kwamba nimeridhika. Usiku wa Ijumaa kile kitenzi kiliniamsha tena, saa nane, nikakilalia ubavu wa pili. Na nimeamua kwamba siku ya kwanza, kabla jua halijawa kali, nitatembea nao hadi korongo la kwanza, tambarare tupu, na bunduki atabeba Gwakisa. Atabeba zote mbili, yake na yangu. Nimeshatunga na sentensi ya kumwambia: "Utanibebea bunduki." U-ta-ni-beb-e-a. Aone ladha yake.

Jana ametuma ujumbe. "Mjomba darubini. Usisahau." Nimeusoma mara nne nikitafuta kejeli, sikuiona. Darubini ni ya mtu anayetazama, sivyo? Au anataka tu kuiazima. Nimeitoa kabatini, nimefuta vioo, nimeiweka kwenye begi juu ya shati la kaki. Lile la bluu nimeliacha.

Ila nilipotoka sasa hivi kumwaga majivu nimeusikia tena ule mkaratusi wa jirani. Nilishawaandikia habari zake Aprili, ulipoinamia upande wetu, na jirani akasema utasimama wenyewe. Upepo wa Julai bado haujaanza na tayari unalia kama mlango wa zamani. Kutoka pale ulipo hadi bati la chumba tunacholala nimepima kwa hatua, mara mbili, nimepata hatua tisa. Mti una zaidi ya hizo. Na Mama Lusajo atalala peke yake humo siku tano.